Mbwa Achechemeapo: Habari za Kansa ya Mfupa

Mwaka 2023, nilipokuwa kidato cha tatu, tulikuwa na mbwa nyumbani kwetu Ntinda, jina lake Simba. Najua ya kuwa nusu ya mbwa wa Kampala huitwa Simba, lakini huyu wetu alilistahili jina lake. Alikuwa chotara wa Alsatian, mweusi mgongoni, uzito wake kilo 38, na kwa muda wa miaka 7 hapana mwizi aliyethubutu kuruka ukuta wetu. Nataka kueleza habari za ugonjwa uliomwua, maana ulitukuta hatujui lolote, na kwa sababu ya kutojua kwetu mbwa yule aliteseka majuma matano bure.

Ugonjwa wenyewe ni kansa ya mfupa. Wengine huiita saratani, na Waganda husema kookolo. Mimi nilikuwa nikidhani kansa ni ugonjwa wa watu tu. Kumbe mbwa hupata kansa za namna nyingi, na hii ya mfupa huwapata mbwa mara nyingi kuliko inavyowapata wanadamu.

Ilianza mwezi wa Februari. Asubuhi moja nilimpelekea posho na mukene wake kama desturi, nikaona akija anakanyaga mguu wa mbele wa kushoto kwa hadhari, kama mtu aliyekanyaga changarawe. Mama alisema bila shaka amegongwa na boda. Kaka yangu alisema ni mwiba. Tukautazama unyayo wote, kidole kwa kidole, hatukuona mwiba wala jeraha. Adhuhuri alikuwa akitembea vizuri, nasi tukasahau. Siku ya tatu akachechemea tena, hasa alipoamka kutoka usingizini. Akitembea kidogo mguu ulichangamka. Jambo hili la kuja na kupita ndilo lililotudanganya. Mguu uliovunjika hauji na kupita, lakini kansa ya mfupa mwanzoni huweza kufanya hivyo.

Bibi yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Masaka, aliniagiza kumchua kwa maji moto na chumvi. Nilifanya hivyo kila jioni kwa siku kumi. Simba alinilamba mkono huku akiuvuta mguu wake, nami nikadhani anashukuru. Sasa najua alikuwa akinisihi niache. Kumchua mbwa mahali penye kansa ya mfupa hakumponyi hata kidogo, kunamwumiza, tena mfupa uliodhoofika waweza kuvunjika mikononi mwako.

Juma la tatu akaja mtu mmoja azungukaye na mkoba akitibu ng'ombe na mbwa katika mitaa yetu. Hakuugusa mguu, aliuliza umri wa mbwa, akampiga sindano, akalipwa, akaenda zake. Siku nne Simba alikimbia kama mbwa kijana, na sisi tukamsifu yule bwana. Siku ya tano alichechemea kuliko kwanza. Baadaye daktari alitueleza ya kuwa ziko sindano zinazotuliza uvimbe na maumivu kwa siku chache bila kugusa ugonjwa. Mtu akipewa sindano ya namna hiyo kabla ya kujua kinachomwumiza mbwa, ni kama mlinzi aliyenyamazishwa ili wenye nyumba walale.

Juma la tano nikamwona amelala kivulini, nikapitisha mkono juu ya miguu yote miwili ya mbele kwa pamoja. Hapo ndipo nilipotambua. Mguu wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, ulikuwa na uvimbe kama nusu ya limau, mgumu kama jiwe, nao ulikuwa na joto kuliko mguu wa pili. Tena nyama ya bega la kushoto ilikuwa imepungua, kwa kuwa alikuwa hautumii mguu ule sawasawa. Kama ningalipitisha mikono yangu namna ile juma la kwanza au la pili, nadhani ningaliona. Nawaombeni ninyi mlio na mbwa mfanye hivyo: msimtazame mguu mmoja peke yake, shikeni miwili pamoja, kulia na kushoto, mlinganishe.

Basi Baba akakodi gari, tukampeleka kwa daktari wa wanyama mwenye mashine ya eksirei. Kabla sijaeleza picha ile, yafaa niseme kidogo juu ya mfupa.

Katika somo la Baiolojia twafundishwa ya kuwa mfupa ni kitu kilicho hai, si kama fimbo kavu. Ndani yake mna mafundi wa namna mbili. Wa kwanza hujenga mfupa mpya, na wa pili huula mfupa wa zamani ili upate kujengwa tena. Maisha yote wafanya kazi pamoja, huyu akibomoa kidogo na yule akiziba. Katika kansa hii, ambayo madaktari huiita osteosakoma, mafundi wajengao hupotewa na akili. Huzaana bila mpango na kumwaga mfupa mbaya, mlaini, usio na umbo, tena huwachochea wale waharibifu waule mfupa mzima. Kwa hiyo mambo mawili yanayopingana hutokea mahali pamoja: kwa nje uvimbe wakua, na kwa ndani mfupa waliwa. Mfupa umefunikwa na utando mwembamba wenye neva nyingi. Uvimbe ukiusukuma utando huo, maumivu ni makali sana. Na mfupa ulioliwa ndani waweza kuvunjika mbwa akiruka ngazi moja tu.

Katika kila mbwa 100 wenye kansa iliyoanzia mfupani, karibu 85 wana aina hii ya osteosakoma. Huwapata zaidi mbwa wakubwa wa umbo: Alsatian, Rottweiler, Great Dane, Boerboel na machotara wao. Mbwa wadogo hawaugui sana. Wengi huugua wakiwa na miaka 7 hivi au zaidi, ijapokuwa wako wachache wanaoipata wangali vijana, kati ya mwaka mmoja na miwili. Hapa Kampala zamani mbwa wengi walikuwa wale wa kienyeji, wembamba na wepesi, lakini siku hizi kila mwenye ukuta mrefu Kololo au Muyenga ataka mbwa mkubwa wa kutisha watu. Mbwa mkubwa huja na magonjwa yake; yafaa anunuaye ajue.

Ugonjwa huu wapenda mahali maalum. Katika mguu wa mbele hukaa mbali na kiwiko, yaani juu karibu na bega, au chini karibu na kifundo kama alivyokuwa Simba. Katika mguu wa nyuma hukaa karibu na goti, juu yake au chini yake, na pengine chini kabisa karibu na kifundo. Miguu ya mbele huugua kama mara mbili kuliko ya nyuma. Daktari alinikumbusha kuwa mbwa asimamapo huweka zaidi ya nusu ya uzito wake juu ya miguu ya mbele, na wengine hudhani ndiyo sababu.

Sasa turudi kwenye picha. Daktari aliitundika mbele ya taa, akaniita: "Kijana, njoo uone." Mfupa wa kulia ulikuwa mweupe, umenyooka, kingo zake safi kama mstari wa rula. Wa kushoto, pale juu ya kifundo, ulikuwa na mashimo meusi kama mbao iliyoliwa na mchwa, na pembeni palitoka vijiti vyeupe vikitawanyika kama miali ya jua. Jambo jingine alilonionyesha ni kuwa ugonjwa ulikuwa umekoma kwenye mwisho wa mfupa, haukuvuka kiungo. Yabisi ya viungo hukaa katikati ya kiungo chenyewe, lakini kansa hii kwa kawaida hukaa upande mmoja wa kiungo bila kuvuka.

Baba akauliza, "Basi ni kansa?" Daktari akajibu, "Mzee, nadhani ndivyo, lakini picha haitoshi." Akamtia Simba dawa ya usingizi, akachoma sindano katika uvimbe, akatoa chembe kidogo ili zitazamwe kwa darubini.

Mimi niliona kwamba huku ni kupoteza wakati na fedha. Lakini nilikosea, na hapa Kampala tunayo sababu ya kukumbuka kwa nini uvimbe usihukumiwe kwa macho tu. Katika Hospitali ya Mulago mwaka 1957 daktari wa upasuaji aitwaye Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya, baadaye akaona watoto wengine wenye uvimbe wa namna hiyohiyo. Mwaka 1958 aliandika habari zao akiuita ugonjwa huo sakoma ya taya. Lakini wataalamu wa Kampala waliotazama vipande vya nyama kwa darubini, kama George O'Conor na J. N. P. Davies, walionyesha kuwa haikuwa kansa ya mfupa wala ya nyama ya taya, ilikuwa kansa ya chembe za limfu. Tofauti hiyo haikuwa ya jina tu. Ugonjwa ule, ambao sasa huitwa kwa jina la Burkitt, ulionekana kuwa hutibika kwa dawa, na watoto wengi walipona bila kukatwa taya. Kwa macho, uvimbe ni uvimbe. Chini ya darubini mmoja ni huu na mwingine ni ule.

Kwa mbwa nako ni vivyo hivyo. Uvimbe wa mguu waweza kuwa jipu, au mfupa uliovunjika zamani ukaunga vibaya, au wadudu wa maradhi walioingia mfupani kwa njia ya jeraha. Pengine mbwa achechemea bila uvimbe wowote kwa sababu ya homa inayoletwa na kupe, nayo hutibika.

Tena liko jambo moja la nchi zetu za Afrika Mashariki ambalo naliona la ajabu kuliko yote. Yuko mnyoo aitwaye Spirocerca lupi. Dundu wa mavi, yule anayeviringisha kinyesi, hula mayai ya mnyoo huyu katika mavi ya mbwa. Mbwa akimla dundu, au akala mjusi au matumbo ya kuku aliyemla dundu, mnyoo hutoka tumboni, akasafiri katika kuta za mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, mwisho akajenga nyumba yake katika umio, yaani koo la chakula. Huko hufanya vinundu. Baada ya muda vinundu vingine hugeuka kuwa kansa, na kansa hizo nyingine huwa za mfupa, mahali pasipo na mfupa wowote! Mbwa wa namna hiyo hutapika chakula, hukonda, na pengine miguu yake yote minne huvimba mifupa kwa sababu ya uvimbe ulio kifuani. Wataalamu walioko Kenya waliandika habari za mbwa wenye mnyoo huyu tangu miaka ya 1960. Kwa hiyo mguu mmoja ukivimba, fikiri mfupa ule. Miguu yote ikivimba pamoja, mwombe daktari atazame kifua. Tena ondosha mavi ya mbwa uani kila siku, maana dundu hawezi kula mayai ambayo hayapo.

Majibu ya Simba yalirudi baada ya siku nane. Ilikuwa osteosakoma.

Tulikaa sebuleni kwa daktari, Baba, kaka yangu nami. Daktari alisema kwa upole lakini hakuficha neno. Ugonjwa huu una desturi mbaya ya kusafiri katika damu mpaka mapafuni. Katika mbwa 100 wenye kansa hii mguuni, karibu 90 wamekwisha kuwa na mbegu zake mapafuni siku ile ile unapogunduliwa. Lakini mbegu hizo ni ndogo mno, hata picha ya kifua huzionyesha katika mbwa 10 hivi tu. Picha ya kifua cha Simba ilikuwa safi. Daktari alisema, "Ni habari njema, lakini msiifurahie mno."

Baba aliuliza swali ambalo nadhani kila mtu angeuliza: "Tukimkata mguu, atapona?"

"La, Mzee. Hatapona. Mguu haukatwi kwa ajili ya kumponya. Hukatwa kwa sababu pale ndipo maumivu yalipo."

Maneno haya yalinishangaza sana, na ndiyo hasa yaliyonifanya niandike makala haya. Sisi tulidhani matibabu ni mamoja: ama mgonjwa apone, ama aachwe. Hatukufikiri kuwa yako matibabu ambayo kazi yake ni kuondoa maumivu katika siku zilizobaki, na kwamba matibabu hayo yana thamani yake.

Akatueleza njia zilizopo. Ya kwanza ni kukata mguu na kisha kumpa dawa za kansa kwenye mshipa, kama kaboplatini au doksorubisini, mara kadhaa, kila baada ya majuma matatu hivi. Nusu ya mbwa wanaopata matibabu hayo huishi miezi 10 hata 12, na katika 100 kama 20 huiona miaka miwili. Ya pili ni kukata mguu tu. Hapo nusu huwa wamekufa ifikapo mwezi wa nne au wa tano, na wachache tu, kama 10 katika 100, humaliza mwaka. Ya tatu ni kuuacha mguu na kumpa dawa za maumivu, huku mkijua kuwa maumivu yatazidi na kwamba mfupa waweza kuvunjika siku yoyote. Ya nne ni kumlaza usingizi wa mwisho mara moja. Alisema hakuna katika njia hizi iliyo ya aibu, isipokuwa moja ambayo hakuihesabu, nayo ni kumrudisha mbwa nyumbani na kumwacha hivi hivi bila dawa.

Fedha, wasomaji, si neno dogo. Dawa za kansa kwa kozi nzima zingezidi ada yangu ya muhula, na dada zangu wawili nao walikuwa shuleni. Baba alinyamaza kitambo, akanitazama, nami nikatazama chini, maana nilijua hesabu anayoifanya. Wako watakaosema ni upumbavu kumtumilia mbwa hata shilingi moja. Mimi sikubaliani nao, wala siwalaumu. Mwishowe Baba alichagua njia ya pili. Alisema, "Ametulinda miaka saba. Hatuwezi kumnunulia mwaka, lakini twaweza kumwondolea maumivu."

Aliporudi nyumbani jirani walicheka. "Mbwa wa miguu mitatu atalinda nini?" Siku mbili za kwanza nami nilikuwa na shaka. Alisimama akayumba, akaanguka kwa kifua, akanitazama kama aliyedhulumiwa. Siku ya nne alikwenda mwenyewe mpaka langoni. Juma la tatu alimfukuza mtu aliyekuja kusoma mita ya maji, naye alikimbia kwa miguu miwili yake kuliko Simba kwa mitatu, lakini si kwa mbali sana. Mama alikwenda kumwomba radhi yule bwana huku akizuia kicheko. Kwa mara ya kwanza tangu Februari nilimwona Simba amelala kwa ubavu, amenyoosha miguu, akikoroma. Mbwa mwenye maumivu ya mfupa halali hivyo. Hujikunja, huamka, huzunguka, hulala tena.

Sasa nieleze utunzaji, maana wengi hawaujui. Mbwa wa miguu mitatu asinenepe. Kila kilo ya ziada ni mzigo juu ya miguu iliyobaki. Tulimpunguzia posho tukamwongezea mukene na mifupa tukamnyima kabisa, hasa ya kuku. Sakafu ya saruji iliyosuguliwa humtelezesha, kwa hiyo tulitandika magunia kutoka mlangoni mpaka pale anapolala. Jeraha lilitazamwa kila siku mpaka nyuzi zilipotolewa, naye alivalishwa ndoo ndogo ya plastiki shingoni, iliyotobolewa kitako, asijilambe. Kwa mbwa ambaye mguu wake haukukatwa, asiruhusiwe kuruka wala kupanda ngazi wala kucheza na mbwa wengine, kwa sababu ya hatari ya kuvunjika mfupa.

Juu ya dawa za maumivu nataka kusema kwa nguvu. Msimpe mbwa dawa kutoka kabati ya nyumbani. Ibuprofeni na diklofenaki, ambazo watu humeza kila siku kwa ajili ya mgongo, zaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Panadoli nayo yaweza kumdhuru ini. Ziko dawa zilizotengenezwa kwa mbwa, kama kaprofeni, na meloksikamu kwa kipimo cha mbwa, na daktari ndiye apangaye kiasi chake kwa uzito, akaongeza nyingine ikiwa maumivu yazidi. Mbwa asiyekula, anayetapika, au anayetoa choo cheusi akiwa katika dawa hizo, arudishwe kwa daktari siku ile ile.

Mbwa halii kama mtoto. Mbwa wengi wenye maumivu makali hunyamaza kabisa. Tulijifunza kutazama mambo mengine: anakula? Anakuja akiitwa? Anahema sana wakati wa baridi? Analamba mahali pamoja? Anamngurumia mtu anayempenda? Kaka yangu alitundika kalenda jikoni, na kila jioni mmoja wetu aliweka alama, nzuri au mbaya. Daktari ndiye aliyetufundisha. Alisema siku mbaya zikianza kuzidi nzuri, tumpigie simu, tusingoje mpaka zote ziwe mbaya.

Kabla ya kumalizia habari za Simba, liko jambo linalotuhusu sisi wanafunzi. Osteosakoma huwapata wanadamu pia, na kwa wanadamu haichagui wazee zaidi. Wengi wanaoipata ni vijana wa miaka 10 hadi 20, wakati mifupa inakua upesi, na mahali inapopenda ni jirani na goti. Ni ugonjwa wa nadra sana kwa watu, nami sisemi ili kila mtu aliyeumia katika mpira akose usingizi. Maumivu mengi ya goti ni ya mchezo, au ya kukua, nayo hupita. Lakini maumivu yasiyopita baada ya majuma kadhaa, yanayomwamsha mtu usiku, tena pana uvimbe mgumu, hayo si ya kuchuliwa bwenini. Ni ya kupigwa picha. Kwa watu, ugonjwa ukigunduliwa kabla haujaenea, na mgonjwa akapata dawa na upasuaji, zaidi ya nusu hupona. Hapa Kampala iko Taasisi ya Kansa ya Uganda, Mulago, iliyoanzishwa mwaka 1967, na kazi yake ya kwanza ilikuwa watoto wenye ugonjwa ule wa Burkitt.

Ugonjwa wa mbwa na wa vijana wafanana sana, hata madaktari wamejifunza kwa mbwa. Katika Chuo Kikuu cha Colorado State, Marekani, madaktari wa wanyama walitengeneza njia za kuondoa kipande cha mfupa kinachougua na kuuacha mguu, na ujuzi huo uliwasaidia madaktari wa watu. Mwalimu wetu wa Baiolojia hakuniamini nilipomweleza, akaenda kusoma mwenyewe, akarudi akawaambia darasa zima.

Simba alikatwa mguu mwishoni mwa Machi. Aprili, Mei, Juni na Julai kalenda ilijaa alama nzuri, isipokuwa siku tatu za Mei alipokula kitu kibaya jalalani. Katikati ya Agosti alianza kukohoa, kikohozi kikavu, hasa usiku. Daktari alipiga picha ya kifua, na safari hii hakuniita kuja kuona. Niliona kwa mbali tu: madoa meupe ya mviringo, mengi, kama sarafu zilizomwagika.

Alipewa dawa za kumpunguzia taabu, akakaa vizuri siku tisa. Kisha akaacha kwenda langoni. Siku ya kumi na mbili hakula mukene, na alama mbaya zilikuwa nne mfululizo. Baba ndiye aliyepiga simu. Dada yangu mdogo alilia akisema tunamwua, naye Baba hakumkaripia. Alimwambia, "Ndiyo, mwanangu. Sisi ndio tunaochagua, na ni vigumu. Lakini ugonjwa ungechagua vibaya zaidi."

Daktari alikuja nyumbani jioni, ili mbwa asisumbuliwe na safari. Alitueleza kila hatua. Kwanza sindano ya kumtuliza, na baada ya dakika chache Simba akalala kichwa chake juu ya kiatu changu, akikoroma kama alivyokuwa akikoroma Aprili. Kisha dawa kali ya usingizi katika mshipa wa mguu wa mbele uliobaki. Ilikuwa chini ya dakika mbili. Daktari alisikiliza moyo wake kwa muda mrefu kuliko nilivyotazamia, akavua vipokezi vya masikio, akasema, "Amekwenda."

Kaka yangu nami tulikwisha chimba shimo chini ya mfenesi, upande unaotazama lango.